Kiti cha Chumba cha Taa

26 Februari

Dada yangu mpendwa,

Mimi ni mzima, kama mzima ni mtu anayekula na kulala. Usishangae kupata barua kama watu wa zamani. Simu niliiuza baada ya mazishi, na simu ya jirani ina masikio mengi mno kwa haya ninayotaka kukuambia.

Natafuta kazi. Duka la vitambaa halikunisubiri. Niliporudi kutoka kumzika mume wangu nilikuta msichana mwingine ameshika mkasi wangu, amesimama pale pale ninaposimama mimi, na tajiri akanipa pole huku akipanga vifungo kwenye kopo. Hakuinua macho mpaka nilipotoka.

Sasa la pili, ambalo sijamwambia mtu. Nina mimba. Nilijijua siku chache kabla mume wangu hajaanguka. Nilikuwa nangoja amalize kuezeka lile paa la shule, arudi nyumbani ametulia, nimwambie akiwa amekaa. Paa hakulimaliza. Kwa hiyo, dada, hata baba mwenyewe hakujua.

Unanijua sijui kuficha, na kutojua kuficha kumeniponza. Kwenye tanuri la mikate mwokaji alinipenda. Aliniona nikinyanyua trei mbili kwa mpigo, akanivalisha aproni, akanionyesha pa kuweka viatu. Nikasema nisije nikaonekana mjanja, nikamwambia hali yangu. Akanivua aproni kwa upole, akaikunja, akaniambia nimwombee heri mke wake naye hajapata mtoto. Kwenye nyumba ya kufulia mashuka sikufika hata kwenye aproni. Mama wa pale aliniuliza mlangoni, "Una mimba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi rudi ukishajifungua." Utadhani njaa nayo itakaa kwenye benchi ikisubiri.

Utaniuliza kwa nini siendi kwa mama mkwe. Siku ya mazishi, watu walipotawanyika, alinivuta jikoni akaninong'oneza. Unajua masikio yake yamekufa, akinong'ona mtaa mzima unasikia. Akasema, "Mwanangu hakuacha kitu?" Huku ananitazama tumbo.

Nikamwambia hakuacha, Mama.

Ningesemaje? Mara mbili nilimwambia nimebeba. Mara mbili alishona vinguo, akatangazia majirani, na mara mbili alikaa mlangoni akifumua mishono uzi kwa uzi ili kitambaa kifae kitu kingine. Hakunilaumu hata siku moja, na ndilo lililoniuma. Sasa amezika mtoto wake wa pekee. Nimpe tumaini la tatu halafu nalo alizike? Siwezi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Niambie nifanye nini.

Mdogo wako


8 Machi

Mdogo wangu,

Nimelia, nimekasirika, nimepika, nimelia tena. Shemeji yangu alikuwa mtu mwema. Mungu amlaze pema.

Sasa nisikilize mimi mkubwa wako. Nani amekufundisha kwenda kuomba kazi ukiwa umetanguliza tumbo? Mwokaji alikuuliza? Hakukuuliza! Wewe ulimpelekea mwenyewe kama mtu anayepeleka kuni kwenye nyumba inayoungua. Najua utasema mimba ni kikohozi, haifichiki. Ndiyo, haifichiki, lakini mpaka itakapojikohoa utakuwa umeshaingia ndani, watu wamekuzoea, wameona mikono yako ilivyo myepesi. Kumfukuza mtu uliyemzoea ni kazi ngumu kuliko kumkatalia mgeni mlangoni.

Ukiulizwa, kataa. Si dhambi. Dhambi ni wao kuuliza.

Kuhusu mama mkwe, hapo sikuingilii. Ila kumbuka, mficha maradhi kilio humfichua. Wewe unaficha mimba, lakini methali haichagui.

Vaa magauni mapana. Kula.

Dada yako


10 Machi

Kwako mwanangu, mke wa mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sisikii ila upepo. Sikio la kulia lilishakufa kabisa, la kushoto limebaki na roho kidogo, ukiniinamia na kupaza sauti. Ni zile feni za kiwanda cha vifaranga. Zilinila miaka yote ile nikidhani naimbiwa.

Naambiwa na watu kwamba unazunguka kutafuta kazi. Kwa nini nisikie kwa watu? Mimi bado ni mama yako. Mwanangu amekufa, ukwe haujafa.

Basi nimekutafutia. Nimemwandikia rafiki yangu wa zamani kule kiwandani, ambaye sasa ndiye msimamizi. Tulianza naye siku moja. Yeye tulimwita Jicho, kwa kuwa alikuwa na macho ya kuona uhai ndani ya yai kabla ya taa yenyewe kuona. Mimi waliniita Msumari. Nikisema neno nimegongelea, halitoki. Jicho amejibu kwamba yupo tayari kukuchukua kwa ajili yangu, bila kukuona sura, ila ameniuliza lile swali tunalowauliza wanawake wote pale: ana mimba? Nikamjibu hana. Nikamwambia nimemuuliza mwenyewe jikoni kwangu siku ya kumzika mwanangu, akanijibu hana, na mke wa mwanangu hasemi uongo. Nikamwandikia, mweke chumba chochote upendacho, juu ya jina langu.

Kuna chumba cha kulala huko huko nyuma ya ghala, kidogo lakini kina dirisha. Gari la kupeleka vifaranga hupita hapa kwangu kila wiki, kwa hiyo barua mpe dereva. Ni mtu wa maneno mengi, lakini barua hafungui.

Na neno la mwisho, ambalo limenichukua siku kadhaa kuliandika. Wewe bado kijana. Mwanangu hakuacha kitu cha kukufunga kwetu. Siku ukimpata mtu wa kukutunza, usinionee haya. Nitakuja na nitacheza kwenye harusi yako, hata kama ngoma sisikii.

Mama


25 Machi

Kwako Mama,

Shikamoo. Nimepokelewa vizuri. Jicho hakunitazama usoni, alinitazama viganja, akasema, "Hivi vimefanya kazi." Chumba nimekipenda. Dirisha linatazama ukuta, lakini asubuhi ukuta ule unapata jua.

Kiwanda ni kama ulivyokiacha, nadhani. Mayai yanakuja alfajiri kwa lori, tunayapanga kwenye trei, ncha chini, butu juu. Mkono wangu umeshazoea, sivunji. Kutoka pale yanaingia chumba cha moshi, dawa inawashwa kwenye karai, mlango unafungwa, moshi unaua uchafu wa kwenye maganda. Halafu mtu anaingia kuyatoa kuyapeleka kwenye mashine. Mtu huyo ndiye mimi. Jicho alisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kila mgeni huanzia chumba cha moshi, na kwamba wewe mwenyewe ulimwandikia aniweke popote.

Silalamiki. Wenzangu ni wacheshi, hasa dereva, ambaye anadai vifaranga vyote vinamwita baba. Ila moshi ule, Mama, unakata macho kama kitunguu na unashuka kifuani. Hata mlango ukifunguliwa na feni zikawashwa, unabaki kwenye nguo na kwenye nywele. Nimefunga kitambaa chenye maji puani kama wenzangu. Nataka tu kukuuliza, wewe ulikaa chumba kile muda gani, na je, kina madhara yoyote kwa mtu?

Nisalimie kuku wako. Yule jogoo kilema bado anajiona mkubwa?

Kuhusu lile neno lako la mwisho, nimelisoma. Sitafuti mtu. Nilikuwa na mtu.

Mwanao, mke wa marehemu


4 Aprili

Mwanangu,

Jogoo kilema hajambo, ana kiburi mpaka amepata mke wa pili.

Umeniuliza moshi. Kitambaa cha maji ni sawa, lakini kikunje mara tatu, na ukitoka nawa uso kwanza kabla ya kugusa kitu. Usiingie mpaka feni zimemaliza kazi yake, hata Jicho akikuharakisha. Jicho alizaliwa ana haraka. Kunywa maziwa ukipata. Macho yatazoea baada ya muda. Mimi nilikaa kile chumba mara mbili, jumla sikumbuki, na unaniona ninavyogombana na majogoo.

Kwa mtu mzima moshi ule ni adha tu. Wasiopaswa kuuvuta ni wenye mimba. Zamani kabla sijaanza walikuwa wanaingia wote, na wanawake wawili wakaharibikiwa, mmoja akiwa amebakiza kidogo. Tangu hapo ikawa sheria ya pale, na ndiyo sababu ya lile swali la mlangoni. Wengine huuliza ili wamfukuze mtu. Pale tunauliza ili tujue pa kumkalisha. Mwenye mimba anapewa kiti cha chumba cha taa, anakaa zake gizani anapima mayai kwa mwanga mpaka siku zake zifike. Mimi mwenyewe nilikikalia kile kiti nikiwa na mumeo tumboni. Alikuwa anapiga teke kila nikiinama kuwasha taa. Nilikuwa namwambia, tulia, nawahesabia wenzako.

Kwa hiyo wewe usiwe na shaka. Kwako ni kukohoa tu, kutapita.

Mama


12 Aprili

Kwa shoga yangu Msumari,

Salamu. Magoti yangu yananiuma, mengine salama.

Nakuandikia kwa masikitiko. Mkweo alianza vizuri. Mikono myepesi, hasemi ovyo, hachelewi. Nilishaanza kujisifu kwamba nimepata Msumari wa pili. Lakini tangu wiki iliyopita amebadilika. Gari lilipoleta barua yako, kesho yake asubuhi akasimama mbele ya mlango wa chumba cha moshi akakataa kuingia. Nilimuuliza kuna nini. Akasema kifua. Nikampa mapumziko. Siku ya pili tena, kifua. Nikampeleka kuoshea trei, kule nje, maji baridi, kazi ambayo hakuna anayeitaka, nikidhani ataona heri moshi. Anaosha kutwa, na ukimtajia chumba cha moshi anainamia trei zake.

Wenzake wameanza kusema anabebwa. Mmoja kaniuliza mbele ya watu, "Mkwe wa Msumari ana mapafu ya kioo?" Wewe uliniandikia nimweke popote, ana kifua cha ng'ombe. Maneno yako hayo, barua ninayo.

Msumari, sijawahi kukutilia shaka tangu tuwe wasichana. Sitaki kuanza uzeeni. Umwandikie. Mwisho wa mwezi huu nitalazimika kuchukua mtu mwingine.

Wako,
Jicho


16 Aprili

Mke wa mwanangu,

Nimepata barua ya Jicho. Nimeisoma mara mbili nikitumaini ni ya mtu mwingine.

Umenitia aibu. Nilikufungulia mlango kwa jina langu, sina mali nyingine zaidi ya jina hilo. Nimeligongelea kwa miaka mingi pale, asubuhi na jioni, hata feni zilipokuwa zinanila masikio. Leo mtu anachekwa kwa sababu yangu. Mapafu ya kioo! Mumeo alipanda mapaa akiwa na homa. Hakuwahi kusema kifua.

Kama kazi imekushinda, sema imekushinda. Kama umechoka kuwa mkwe wangu, sema pia, nilishakupa ruhusa. Lakini usijifiche nyuma ya kikohozi. Nilikueleza mwenyewe kwamba moshi ule hauna neno kwako. Unamwogopa nani?

Ingia chumbani mwanangu. Au uniambie sababu ambayo naweza kumtazama nayo Jicho usoni.

Mama


21 Aprili

Kwako Mama,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama mlangoni unasoma, rudi ndani ukae.

Ulipouliza jikoni kama mwanao hakuacha kitu, nilikudanganya. Ameacha. Wakati ule ilikuwa changa, sasa imeanza kujitokeza na maji ya kuoshea trei yananilowesha gauni mpaka naogopa watu wataona.

Sikukuficha kwa ubaya. Nilikuona ukifumua vile vinguo, Mama. Mara ya pili nilikuwa nimelala chumbani, ukadhani nimelala usingizi. Nilikuwa nasikia uzi ukikatika. Nikaapa sitakuambia tena mpaka kitu kiwe kitu. Halafu akafa yeye, na wewe ukaniuliza na macho yale. Nikasema afadhali nibebe peke yangu, kikianguka kianguke kwangu.

Kabla ya kuja hapa nilisema ukweli mara mbili, mara zote mbili nikafungiwa mlango. Kwa hiyo uliponiandikia kwamba umeshaapa kwa niaba yangu nilishukuru. Nikaona hata kusema uongo sijasema, umenisemea wewe kwa moyo safi. Ndiyo aibu yangu, si kifua. Nilikaa chumba cha moshi tangu siku ya kwanza mpaka barua yako ilipofika. Niliisoma nyuma ya gari, vifaranga vinalia. Mama, mlango mmoja tu duniani ulikuwa unauliza ili unipe kiti, na huo ndio nilioudanganya.

Nilitaka kumwambia Jicho siku ile ile. Nilifika mpaka kwenye meza yake. Lakini nikisema mimi ni mjamzito nimesema wewe ni mwongo, mbele ya watu wanaokuita Msumari. Nikasema kifua.

Hilo moja. La pili ni kwamba sijui kama bado yupo salama. Tangu juzi nasikia kitu kama kidole kinagonga kwa ndani, halafu kinanyamaza kutwa. Huenda ni yeye, huenda ni hofu yangu.

Unifukuze ukitaka. Unisamehe ukiweza.

Mwanao


26 Aprili

Jicho,

Nilikuandikia kwamba mke wa mwanangu hana mimba. Anayo. Nilikuandikia kwamba nimegongelea. Naung'oa msumari kwa mikono yangu mwenyewe, na wewe uwatangazie wote waliomcheka kwamba mwongo ni mimi, kizee wa vifaranga, niliyeapa juu ya tumbo la mtu mwingine.

Usimlaumu yeye. Aliosha trei kwenye baridi ili jina langu lisichafuke. Nimeishi nikidhani jina langu linawasaidia watu. Kumbe lilikuwa linamzuia huyu kufungua mdomo.

Jicho, ni mjukuu wangu. Ni wa yule uliyempa soksi zake za kwanza. Moshi ameuvuta majuma kadhaa. Kama kiti kina mtu, mwache aendelee kuosha trei, lakini umpe maji ya moto na viatu. Kama hakuna kazi tena, mpandishe gari la vifaranga umlete kwangu. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu, unajua.

Msumari


1 Mei

Msumari, mjinga mwenzangu,

Kiti cha taa tangu magoti yanishinde nakikalia mimi mwenyewe. Ndicho kilichobaki cha kunifanya nije kazini bila kulia. Nimeinuka. Amekaa yeye. Mimi nasimama na fimbo, nawapigia watu kelele, na kelele hazihitaji magoti.

Siku ya kwanza nilimwita pembeni, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Niliogopa utanirudisha nyumbani." Nikamwambia tumbo si ugonjwa wa kuku kwamba tutakutenga. Akacheka, halafu akalia, halafu akapima trei nzima bila kukosea hata yai moja. Wale waliomcheka nimewaambia yote kama ulivyotaka. Yule wa mapafu ya kioo amempelekea mto wa kuegemea mgongo. Hajaomba msamaha kwa mdomo, na simlazimishi.

Sasa nisikufiche lililobaki. Nimempeleka kwa mkunga wa hapa. Mkunga amesikiliza, amesema mapigo yapo lakini madogo, na kuhusu moshi hawezi kuahidi kitu. Wala mimi siwezi. Wewe na mimi tunajua yaliyompata yule aliyekuwa amebakiza kidogo.

Usije bado. Ukija na uso wako huo wa mazishi utamtia hofu.

Jicho


3 Mei

Mwanangu,

Jicho ameniandikia. Sina cha kukusamehe. Wewe ndiye unisamehe mimi, niliyekuwekea dhamana ya kitu ambacho si changu, halafu nikakutukana kwa kukitunza.

Sasa sikiliza nilivyoamua. Sitashona. Sitamwambia jirani. Sitakuuliza hali yake kwenye barua, na wewe usiniandikie neno juu yake, zuri wala baya. Najua ukiniandikia leo kwamba amecheza, kesho nitaishi kwa hilo, na keshokutwa ukinyamaza nitakufa kwa hilo. Wewe una mzigo wa kutosha, usibebe na moyo wangu juu yake. Tuzungumze mayai na majogoo. Siku akizaliwa akalia, uniandikie amelia. Mtoto ni sauti. Kabla ya hapo sitaki kusikia, na masikio yangu yamezoea.

Nimegongelea.

Mama


17 Juni

Kwako Mama,

Shikamoo. Niko chumba cha taa na nakipenda kuliko nilivyodhani. Giza, joto, na kile kimwanga kimoja chini ya yai. Jicho amenifundisha. Lililo tupu linang'aa kama kioo, unaliondoa. Viza lina doa jeusi lililokufa, unaliondoa. Lililo hai lina mishipa myekundu kama mizizi, na katikati kitu kinachorukaruka, utadhani kinakuona. Mara ya kwanza nilikaa na yai moja mkononi mpaka Jicho akanigonga na fimbo.

Mengine huwezi kujua. Si tupu, si hai, mwanga unapita nusu. Nilitaka kuyatupa, Jicho akanizuia. Alisema yai la shaka halitupwi kwa kutazamwa mara moja. Linatiwa alama ndogo ya penseli, linarudishwa kwenye joto, linatazamwa tena. Akasema wewe ndiye uliyemfundisha.

Nimeshika agizo lako, siandiki neno. Ila ile alama ya penseli hapo chini ya jina langu si uchafu. Nitaitia kwenye kila barua, maadamu ipo sababu ya kuitia.

Mwanao
x


22 Juni

Mwanangu,

Jogoo kilema ameumwa na nyuki, uso umevimba, wake zake wote wawili wamemkimbia.

Alama nimeiona. Sisemi kitu.

Mama


20 Julai

Kwako Mama,

Tumetoa vifaranga vingi wiki hii mpaka masanduku yamekwisha. Dereva amevipakia vingine kwenye sanduku la sabuni, sasa vinanukia kuliko yeye. Jicho amenunua kiti cha pili, amekiweka karibu na changu, anadai ni kwa ajili ya wageni. Kutwa anakikalia yeye.

Mwanao
x


16 Agosti

Kwako Mama,

Barua fupi, mgongo unaniuma. Mayai mazuri mwezi huu.

Mwanao
x


21 Agosti

Mwanangu,

Nimeiona. Pumzisha mgongo. Weka matofali chini ya miguu ukikaa, mimi ndivyo nilivyofanya, yanatakiwa kuwa kwenye kona nyuma ya mlango kama hawajayatupa.

Mama


9 Septemba

Mwanangu,

Gari limekuja wiki iliyopita, dereva hana barua. Nikasema labda umechoka. Leo limekuja tena, dereva hana barua. Yule mtu wa maneno mengi alishusha masanduku mawili ya jirani yangu, akasema siku hizi anapakiziwa getini, ndani ya kiwanda haingii, hajui lolote, akaondoka bila utani. Hajawahi kuondoka bila utani.

Tangu asubuhi nimeshika barua yako ya Agosti. Nimeitazama ile alama mpaka karatasi imelainika mahali pale. Nimeishikilia hata juu ya taa, kizee mimi, kama mtu anayepima yai.

Nilisema sitauliza. Nilisema nimegongelea. Hii ni mara ya pili mwaka huu nang'oa msumari, na sasa sioni hata haya. Nauliza. Yupo? Na kama hayupo, wewe upo? Barua hii naituma kwa basi, siwezi kungoja gari. Niandikie hata kama ni neno ambalo sitaki kulisoma. Nitalisoma nimekaa. Sitafumua kitu, sikushona kitu, ila kofia moja ndogo, nisamehe, mikono ilinishinda.

Mama


13 Septemba

Mama,

Amelia.

Alichelewa, mkunga akampiga mgongoni, akamgeuza, Jicho akaanza kuomba kwa sauti, mimi nikafumba macho. Halafu akalia. Hajanyamaza vizuri tangu hapo. Ni wa kike, mdogo, wa kushikwa kwa mkono mmoja, na mkunga anasema mapafu yake hayana kasoro, mtaa mzima ni shahidi. Sikuandika mapema kwa sababu homa ilinilaza, na Jicho alikataa kuniandikia, akamfunga na dereva mdomo. Alisema neno hilo uliniagiza mimi.

Dereva atakupitia Alhamisi. Kaa mbele naye. Lete ile kofia.

Usiwe na wasiwasi na masikio yako. Nitamweka upande wa kushoto. Analia kwa nguvu, Mama, hata wewe utamsikia.

Mwanao